Mkojo wa Siku Nzima

Oddny Tveit aliendesha tramu mjini Bergen kwa miaka kumi, na hakuna abiria aliyewahi kumlalamikia. Kilichomgeuka ni mwili wake. Uso ulimjaa ukawa duara, tumbo likatuna huku miguu ikikonda, na akigusa tu ukingo wa meza, mkono unavilia damu. Daktari wake akamwambia apunguze mikate na atembee. Akapunguza. Akatembea mvuani mpaka magoti yakamuuma, na bado akanenepa. Mumewe, Eivind, akaanza kumfichia jibini, kwa nia njema, na hilo lilimuuma kuliko magoti.

Mwaka wa pili alipokelewa na daktari mgeni, Hallgerd, mama wa makamo. Huyu alimtazama uso, kisha akaona michirizi ya zambarau tumboni.

"Nashuku tezi zilizo juu ya figo zako zinamwaga homoni kupita kiasi," akasema. "Mkojo utatuambia. Wa kwanza wa asubuhi umwage, halafu kusanya wote mpaka kesho saa ile ile. Usiruke hata mara moja."

Akapewa dumu la plastiki la kukaa mahali pa baridi. Kazini, alipokuwa akiliweka kwenye friji ya madereva, mwenzake Sjur akapaza sauti, "Oddny, juisi ya tufaha hiyo? Tugawie basi, usiwe mchoyo!"

Watu wakaangua kicheko. Oddny naye akacheka, akalirudisha dumu begini. Siku ile alikwenda chooni mara tatu kazini, na mara zote akavuta maji.

Majibu yakasema homoni imezidi kidogo tu. Lakini Hallgerd hakuridhika.

"Maabara wanaona huu ni mchache mno kuwa wa siku nzima. Kuna uliomwagika?"

Oddny akainamia viatu vyake. Miaka miwili alikuwa akiapa kwamba hali chakula ovyo, hakuna aliyemwamini. Na sasa, mara moja hii, alikuwa na uongo wa kweli mkononi.

"Niliumwaga mwenyewe," akasema. "Niliona haya."

"Si wewe peke yako, mama. Tutarudia, tena mara mbili."

Safari hii alimwendea Sjur kabla hajafungua mdomo. "Hii si juisi. Ni mkojo wangu. Wanatafuta ugonjwa."

Sjur akabadilika rangi. "Aa, nisamehe dada. Weka hapo juu, asiuguse mtu."

Mara zote mbili homoni ilikuwa mara nne ya kawaida. Picha ikaonyesha uvimbe kwenye tezi ya kushoto, wakaitoa kwa upasuaji.

Eivind aliisoma ile karatasi ya majibu wakiwa jikoni, akairudia.

"Kumbe ulikuwa unasema kweli."

"Nilikwambia."

"Uliniambia," akakubali.

Oddny hakumsamehe siku hiyo. Tezi ya kulia ilikuwa imezoea kulala huku ya kushoto ikifanya kazi yote, hivyo aliishi kwa vidonge vya homoni miezi mingi, akipumzika katikati ya ngazi, na Eivind akipanda taratibu nyuma yake bila kumharakisha. Mwezi wa tano tangu upasuaji alirudi kwenye tramu, zamu fupi kwanza.