Bi Sumaku na Ile Sitini na Nne

Katika karakana ile ya kushona sare, sindano ikivunjika hakuna kinachosonga mpaka vipande vyake vyote vipatikane. Aliyeivunja hunyanyua mkono, cherehani huzimwa, na vipande hubandikwa kwa gundi kwenye daftari mpaka sindano itimie. Sharti hilo aliliweka msimamizi, mwanamke wa miaka hamsini na mbili aliyetembea na sumaku shingoni kama wenzake wanavyovaa kidani. Mafundi wakamwita Bi Sumaku. "Akipita," walitaniana, "shikilia pini za nywele."

Aliwahi kumfukuza binti mshona kola kwa kubandika ncha ya sindano nyingine. "Shati hili litavaliwa na mtoto," alimwambia. "Angekuwa wako ungemvika?" Binti akalia, akaenda zake. Hakuna aliyesema Bi Sumaku amekosea, kwa sababu hakuwa amekosea.

Halafu ikaja siku ya mwisho ya oda moja kubwa. Lori limeshafika getini, na yeye mwenyewe akakaa kwenye cherehani kusaidia kumalizia mifuko. Sindano ikampita kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, ikakatika. Kudungwa si habari kwa fundi. Hufuta damu, hupaka mafuta ya cherehani, huendelea. Ncha aliitafuta kwa dakika mbili. Kisha akafungua droo, akatoa ncha ya zamani, akaibandika. Mashati mia tatu yakapakiwa.

Wiki tano baadaye wafanyakazi wote walipimwa afya, kama ilivyo kila mwaka. Bi Sumaku alikwenda kifua mbele, maana hakuwahi kulazwa maishani. Siku ya majibu akaitwa peke yake kwa daktari, kijana mwenye miwani, aliyemgeuzia karatasi aione.

"Mama, hiki ni kipimo cha damu kinachoonyesha kama kuna uvimbe wa maambukizi ndani ya mwili. Tunatarajia kiwe chini ya tano. Chako ni sitini na nne."

"Basi hicho ni cha mtu mwingine."

"Jina ni lako, mama. Ila namba hii ni kama kengele ya duka. Inalia, haisemi mwizi kaingilia wapi. Inaweza kuwa jino, mapafu, mkojo. Una kidonda popote?"

Mkono wa kushoto ulikuwa chini ya mkoba. "Sina."

"Homa?"

"Nitazame vizuri. Mimi nina sura ya homa?"

Hakusema kwamba alikuwa akimeza dawa za maumivu asubuhi na jioni. Daktari akamtaka arudi baada ya wiki moja kipimo kirudiwe, na hali ikibadilika asingoje.

Wiki hiyo hapakukalika. Kwanza alilishuku jino; mganga wa meno akamwambia meno yake yatamzidi umri. Kisha akayashuku magoti. Kisha akamlaumu mtu wa maabara, kwamba huenda alichanganya vichupa. Alifungua dirisha, akalifunga, akalifungua tena. Alianza kufagia, akauacha ufagio katikati ya sakafu na kwenda kuchemsha maji ambayo hakuyatumia.

"Dada, umeizunguka hii meza mpaka kizunguzungu nimekipata mimi," alisema mdogo wake, mwalimu wa watoto wadogo, aliyeishi naye. "Na hicho kidole mbona hakifunguliwi?"

"Nilijidunga tu."

"Tangu mwezi uliopita? Daktari umemwambia?"

"Aliuliza kidonda. Hiki si kidonda."

Mdogo wake akamtazama kama anavyomtazama mtoto mwenye chaki mfukoni. "Haya, wewe ndiye mkubwa. Halafu mashati yenu yamegawiwa kwetu shuleni. Yamewakaa vizuri, ila kuna katoto kamoja kanajikuna ubavuni tangu jana. Nadhani ni lebo."

Bi Sumaku akakaa. Akaomba maji, akayashika bila kunywa, kisha akayasema yote: droo, gundi, ncha ya zamani. Mdogo wake alichukua simu, akaanza kuwapigia wazazi watoto wasivae yale mashati.

Kesho yake asubuhi walifuatana hospitali, na Bi Sumaku akaweka mkono mezani kwa daktari na kufungua kitambaa mwenyewe. Kidole kilikuwa kimeiva kama nyanya. Kipimo kilichorudiwa kilisoma mia na kumi na mbili. Tangu mwanzo maabara ilikuwa imefanya kazi yake. Kilichokosekana ni neno la Bi Sumaku mwenyewe.

Alipowekwa kidole chini ya mashine ya eksirei, aliomba kitu ambacho mgonjwa haombi: ile ncha ionekane imo. Kama haimo ndani yake, basi imo kwenye nguo ya mtoto.

Ilikuwemo, imelala kando ya mfupa.

"Mfupa umeshaanza kuoza," daktari alisema. "Siku ile ya kwanza tungeitoa kwa mkato mdogo tu, mama."

Yule mtoto aliyejikuna ubavuni aliwashwa na lebo, basi. Bi Sumaku alikatwa pingili ya juu ya kidole. Alikwenda mwenyewe kumweleza mwenye karakana, akavuliwa usimamizi, na sasa anafunga vifungo vya mashati kwenye meza ya mwisho. Yule binti mshona kola aliombwa radhi na kuitwa arudi kazini. Hakurudi.