Nusu Saa Niliyoikosea

Nilipoajiriwa kuwa karani wa kiwanda kidogo cha kukamua alizeti, hapa Singida mjini, kichwa kilikuwa kimenivimba kwa stashahada yangu. Kujumlisha saa za vibarua niliona ni kazi ya kitoto. Karatasi ya mahudhurio inaletwa, naingiza kwenye kompyuta, kompyuta inajumlisha, mimi nakunywa chai.

Msimamizi wa vibarua alikuwa mama wa makamo kutoka Misigiri. Naye alikuwa kibarua tu, ila bosi alimwamini. Kila kibarua alimchorea mstari wa chaki kwenye ukuta wa stoo kwa siku aliyofanya kazi, na hesabu nyingine zote alizipiga kichwani. Nilikuwa nikimtania kwamba ukuta wake hauna hata kitufe.

Bosi alikuwa na utaratibu wake. Kibarua akitimiza saa mia na themanini ndani ya mwezi, anapewa mkataba, na mkataba unakuja na bima ya afya. Mwezi ule dada mmoja wa kupepeta alizeti aliitaka ile bima kuliko chakula, maana mwanawe alikuwa na pumu. Hakukosa hata siku moja.

Mwisho wa mwezi kompyuta ikatoa 175.2. Nikamwambia hajafika. Hakubisha, alijifunga kanga upya akatoka.

Haukupita muda yule mama akasimama mlangoni. Shikamoo yangu aliiitikia, maana adabu ni adabu, kisha akanivaa.

"Karani, huyu kaingia saa mbili, katoka saa kumi, kapumzika nusu saa ya chakula. Kafanya saa ngapi?"

"Saba na nusu, mama."

"Siku ishirini na nne. Saba saba hizo ni mia na sitini na nane. Nusu ishirini na nne ni saa kumi na mbili. Haya, unganisha."

Mia na themanini kamili. Nikamgeuzia kompyuta ili nimwoneshe alipokosea. Kila siku nilikuwa nimeandika 7.30.

"Hiyo thelathini ni ya nini?"

"Dakika thelathini, mama. Ndiyo nusu saa."

"Na hiyo mashine yako inajua kwamba saa moja ina dakika sitini?"

Haikujua. Yenyewe ilihesabu thelathini katika mia, na mimi msomi ndiye niliyeidanganya. Nilitamani ardhi ipasuke. Wakati huohuo nilimwangalia yule mama aliyeishia darasa la nne, nikamhusudu.

"Sasa fungua na miezi ya nyuma," akasema.

Nikafungua mwezi uliotangulia. 175.2 ya kwanza kuiona ilikuwa kwenye mstari wa jina la yule mama mwenyewe.

"Mama, mbona hukuja kudai?"

"Nilidhani nimekosea mimi, mwanangu. Mashine imesema, nami umri umekwenda. Ya kwangu nilihesabu mara moja nikaacha. Ya mwenzangu nimehesabu mara tatu kabla ya kuja kwako."

Nikaanza kusahihisha mstari wake. Akaniwekea kiganja juu ya kibodi.

"Anza na yule, umpelekee bosi leo," akasema. "Mtoto anaumwa. Mimi nitangoja."