Fishi Zilizokatwa Mkia

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya Jumatatu, niliingia kazini kwa mara ya kwanza nikiwa nimechelewa dakika kumi. Mkurugenzi alitazama saa yake, akaziandika dakika hizo katika daftari, kisha akaweka mbele yangu chungu kimoja chenye mdomo uliomeguka.

"Sema unaona nini."

"Chungu, Mukurugenzi."

"Mama yako pia anaona chungu. Weye nitakulipa sababu ya nini?"

Nikakaa na kile chungu mpaka adhuhuri. Nilipima kimo na upana wa mdomo. Nikaona masizi yako upande mmoja tu, maana yake kilikuwa kikiegeshwa kwenye moto na si kuwekwa juu yake. Nikaona ndani hakuna harufu ya chakula. Jioni Mkurugenzi alisoma ukurasa wangu mmoja, akafuta maneno mawili, "kizuri" na "cha kale", akaniambia nirudi kesho saa mbili kamili.

Hiyo ilikuwa Butembo, mwaka mmoja kabla ya vita ya kwanza. Naitwa Kambale, yaani mtoto wa kiume wa pili, kama walivyo maelfu wengine kwetu. Sikumaliza sekondari. Nilikuwa nimeuza misumari na mabati dukani kwa miaka minne, na elimu yangu ya utamaduni niliipata katika vitabu vilivyopasuka majalada, nilivyonunua kwa kilo pamoja na karatasi za kufungia karanga. Jumba letu la makumbusho lilikuwa nyumba ya matofali yenye vyumba vitatu, iliyoanzishwa na walimu na wazazi wachache ili vitu vya mababu visiishie kwa wanunuzi wapita njia. Tulikuwa watatu: Mkurugenzi, ambaye alikuwa mwalimu mstaafu, Masika, mpiga taipu, na mimi.

Nieleze fishi ni nini, maana vijana wa leo wanapiga picha kwa simu na kudhani kazi imekwisha. Fishi ni karatasi ngumu ya ukubwa wa kiganja. Juu kuna namba ya kitu na jina lake. Katikati kuna maelezo: kimetengenezwa na nini, kinatumikaje, nani hapaswi kukigusa, na maneno ya mtoa habari kama alivyoyasema. Chini, chini ya mstari mwekundu, kulikuwa na sehemu ambayo Mkurugenzi aliibuni mwenyewe. Aliiita mkia. Mkia ulibeba jina kamili la mtoa habari, jina la baba yake, kilima chake, na nyumba yake ni ya ngapi kutoka wapi.

"Kitu bila mutu ni kuni tu," alikuwa akisema. "Kesho mutu mwingine anaweza kuuliza: nani alisema? Utamujibu nini? Utasema ni upepo?"

Mkia ulikuwa na sababu ya pili. Makumbusho moja ya Ulaya ilikubali kununua nakala za fishi zetu, dola sita kwa kila fishi iliyo kamili. Kamili maana yake yenye mkia. Fedha hizo ndizo zingebadilisha mabati yaliyovuja.

Kituo changu cha kwanza nje ya biro, yaani ofisi, kilikuwa soko la Musienene. Nilikwenda kila siku ya soko, nikikaa kati ya magunia ya maharage na viazi, daftari gotini. Wataalamu wanaita uchunguzi shirikishi, yaani unatazama watu huku unafanya wanachofanya. Kwangu ilikuwa kumenya maharage. Huko nilimjua mfinyanzi mmoja, mama wa makamo, mikono yake ikiwa na udongo hadi viwikoni. Aliitwa Kavira.

"Weye unaandikaka kila kitu," aliniambia siku ya kwanza. "Mi nikikohoa, utaandika?"

"Nitaandika na saa, Mama."

Akakohoa kwa makusudi. Nikatazama saa, nikaandika: mtoa habari alikohoa, saa nne na robo. Wafinyanzi wenzake walicheka hadi mmoja akaangusha chungu kibichi.

"Bon," akasema Kavira. "Sasa andika jina yangu yote. Na ya baba. Kavira tuko bengi sana hapa, hata mbuzi wa jirani anaitwaka Kavira. Mi sipendi maneno yangu iende kwa mwingine."

Niliandika jina lote, la baba, kilima, na nyumba ya tatu baada ya kanisa la Waprotestanti, yenye mlango wa buluu.

Vita ilipokuja, kazi haikusimama. Ilibadilika. Vijana walikuwa wakipanda milimani na kujiunga na wale tuliowaita watu wa maji, waliopigana kwa kuamini kwamba maji yaliyoandaliwa kwa miiko yatazuia risasi. Mkurugenzi aliniagiza niwachunguze kama ninavyochunguza arusi au msiba: wanakula nini, wanakataza nini, wanasalimianaje. Niliandika kwamba hawakupeana mikono. Niliandika kwamba maji yao hayawekwi katika plastiki wala bati, bali katika chungu kipya ambacho hakijapikiwa. Na vyungu hivyo, kwa upande wa Musienene, vilitoka kwa Kavira. Hakuandaa maji yoyote. Walimwagiza chungu, akafinyanga, akalipwa kuku. Yeye mwenyewe alinieleza, nami niliandika kila neno kwenye fishi ile ile, chini ya kikohozi chake.

Kosa langu lilikuja baadaye. Kila mwezi tulikuwa na maongezi ya wazi katika ukumbi wa parokia, na zamu yangu ilipofika, nilizungumza juu ya chungu cha maji. Sikutaja jina. Nilisema tu kwamba habari hizi ninazo kutoka kwa mama mmoja wa Musienene, na kwamba fishi yake ipo bironi, kamili, kwa yeyote mwenye shaka. Nilisema hivyo kwa fahari ya kazi. Wakati huo mji ulikuwa chini ya waasi, na ukumbini kulikuwa na watu thelathini hivi. Sikuwaza hata mara moja nani anaketi nyuma.

Siku mbili baadaye, saa tano asubuhi, kamanda wa upelelezi wa wale waasi alifika jumbani na askari wawili. Hakuwa mtu wa kwetu. Alivua kofia na kumwita Mkurugenzi papa, yaani baba.

"Papa, nasikia muko na karatasi ya ule mama wa maji."

"Ni mama wa vyungu," nikasema.

"Ndeko, ndugu yangu, mi sikuuliza weye." Akageuka tena kwa Mkurugenzi. "Kesho saa tatu nitarudi. Karatasi yote ya Musienene iwe hapa juu ya meza. Mutu anayepikia adui maji, tuko na neno naye."

Kila mmoja wetu alijua neno hilo. Juma lililotangulia lilikuwa limesemwa kwa mwalimu mmoja wa kilima cha pili, na watoto wake, sasa yatima, walikuwa wakiomba chumvi kwa majirani.

Mkurugenzi aliketi. Nikamwambia niliyokuwa nimeyafikiria tangu kamanda alipovaa kofia yake na kuondoka.

"Tukate mikia."

"Ya Kavira?"

"Ya zote. Tukikata moja, ataona imekatwa. Tukikata zote, atadhani fishi yetu ilizaliwa vile."

Katika maelezo tulikuwa tumeandika majina mafupi tu: Kavira anasema, Paluku anasema, Kambale anasema. Kwetu majina hayo hufuata zamu ya kuzaliwa, kila nyumba inayo. Bila mkia, Kavira wa Musienene ni nusu ya soko.

"Fishi ni ngapi?" aliuliza, ingawa alijua.

"Mia nne na kumi na mbili."

"Ukikata hautarudisha. Na ile makumbusho hainunui kitu."

"Ndiyo."

"Basi weka orodha hata moja, tuifiche kwa dari."

"Mukurugenzi, orodha ndiyo mukia."

Mkurugenzi akamwomba Masika makasi ya kushonea. Fishi ya kwanza aliikata mwenyewe, polepole, juu kidogo ya mstari mwekundu, akaitazama ilivyokuwa, akanipa makasi. Tulipokezana mchana kutwa. Masika alikuwa akisoma kila jina kimoyomoyo kabla ya kulikata, midomo ikitikisika. Nilimwambia anatuchelewesha. Akajibu, "Niache. Bamoja ni bajomba yangu." Kabla jua halijazama nilibeba gunia la mikia hadi tanuru la matofali la shemeji yangu, bondeni. Alisema tu kwamba karatasi ngumu inawaka vizuri.

Kesho yake saa tatu kamanda alirudi. Alivuta mtoto wa meza ambamo fishi zilisimama, akachukua ya kwanza, ya pili, ya kumi.

"Kavira. Kavira. Kambale. Kavira. Huyu Kavira ni nani?"

"Ni mama ya Musienene, Komanda," nikasema.

"Ile ya nyungu?"

"Kule banafinyanga bote."

Alizidi kupekua. Alifikia fishi yenye kikohozi, akaisoma mpaka mwisho. Nilikuwa nikitazama mkono wake.

"Munaandika mutu kukohoa," akasema. "Na serikali yetu inakosa karatasi." Kisha akaingiza vidole ndani ya mtoto wa meza, juu ya fishi, pale palipobaki nafasi ya vidole viwili. "Sanduku ni murefu, karatasi ni fupi. Sababu gani?"

Mkurugenzi alikuwa anafuta miwani yake.

"Komanda," akasema Masika bila kuinua macho kwenye taipu, "seremala wetu anapimaka na macho. Na ako na jicho moja. Angalia hata kiti yangu."

Kamanda alitazama kiti cha Masika. Kweli kiliegemea upande. Mmoja wa askari alicheka, kisha yule wa pili. Kamanda alirudisha fishi mahali pake, akavaa kofia.

"Likambo te," akasema, yaani hakuna shida, na wakaondoka. Walimtafuta Musienene kwa siku tatu. Waliuliza Kavira, wakapelekwa kwa kila Kavira aliyekuwepo, mmoja akiwa na umri wa miaka sita.

Mwaka uliofuata Mkurugenzi alinihamishia Beni, kwenye komini, yaani tarafa, ya Ruwenzori, kufungua chumba kidogo cha tawi letu. Huko nilifanya kazi miaka mingi zaidi kuliko Butembo, na niliandika hasa vitu ambavyo watu waliokimbia vita walifika navyo: godoro, beseni, kuku mmoja mguuni kamba, mara nyingi mwiko wa kusongea bugali, ambao mtu angeweza kuchonga mwingine kwa nusu saa. Nilipowauliza kwa nini mwiko, walinijibu kwamba ndio uliokuwa mkononi. Niliandika hivyo. Majina yao sikuyaandika popote.

Makumbusho ya Ulaya, tuliyoipelekea fishi zisizo na mikia, ilijibu kwa barua ya ukurasa mmoja. Maelezo ni mazuri, walisema, lakini habari zisizo na mtoa habari haziwezi kuthibitishwa, na kwa hiyo hawawezi kununua. Walikuwa sahihi. Mkurugenzi aliweka barua hiyo katika faili na kuipa namba. Alifariki akiwa hajaliona paa jipya. Nilijaribu kujaza mikia kwa kukumbuka, lakini kila jina nililolikumbuka lilikuja na shaka, na shaka haiandikwi kwa wino. Nikaacha.

Nimestaafu sasa, nimerudi Butembo. Alhamisi bado napita jumbani kupangusa vumbi, kwa sababu mrithi wangu hapendi kushika vumbi. Alhamisi moja mwaka huu alikuja mama mmoja kutoka Beni, kikapu mkononi, akauliza kama hapa ndipo kuna mzee anayeandika.

"Ni hapa. Karibu, Mama. Unatafuta nini?"

"Natafuta maneno ya mama yangu. Alikufa kisha mavuno ya maharage, kwa kitanda yake, amezeeka. Alikuwa Kavira, wa Musienene."

Nilimwonyesha fishi za Kavira. Zilikuwa kumi na tisa. Nilimweleza juu ya makasi, na tanuru, na kwamba nilikuwa na jambo kichwani lakini sikutaka kumwongoza. Shahidi akiongozwa, ushahidi umeharibika. Alisoma moja baada ya nyingine, kidole chini ya maneno. Alipofika ya kumi na mbili alisimama.

"Saa ine na robo," akasema. Akafunika mdomo kwa kitambaa chake. "Alituambiaka kila siku: kuko mutu moja kule Butembo aliandika hata kukohoa yangu. Sisi tulisema anatudanganya."

Nilimwomba ataje jina kamili la mama yake, la baba, kilima, na nyumba. Alitaja yote bila kusita, hata mlango wa buluu. Nilikata kipande cha karatasi ngumu, nikachora mstari mwekundu, nikaandika, nikakigundisha chini ya fishi. Ilisimama juu ya nyingine zote, ikajaza nafasi ile ya vidole viwili.

Alipokwisha kwenda nilifungua faili ya barua ya makumbusho. Nyuma yake, miaka mingi iliyopita, nilikuwa nimeandika hasara yetu: fishi 412, mara dola sita, dola 2,472. Niliifuta kwa mstari mmoja, kama Mkurugenzi alivyonifundisha, ili namba ya zamani iendelee kusomeka, na kando yake nikaandika iliyo sahihi: dola 2,466.