Mbwa Mwenye Babu Zake kwenye Karatasi

Baba alikwenda Singida mjini kufuata dawa ya ng'ombe, akarudi kijijini kwetu Mgori na mbwa. Na mbwa mwenyewe sasa! Mrefu kama benchi la kanisani, miguu haizidi shibiri, tumbo linafagia vumbi. Mama alimtazama mbwa, akamtazama baba, akauliza, "Miguu yake umeiacha mjini?"

Baba hakucheka. Baba akiwa na jambo lake la fahari hacheki. Alieleza kwamba nyuma ya ofisi ya mifugo kuna banda la mbwa wasio na wenyewe, na asiyechukuliwa kwa siku saba hupigwa risasi, maana Waingereza, waliotutawala wakati huo, waliogopa sana kichaa cha mbwa. Huyu aliachwa na Mzungu aliyerudi kwao Ulaya, na siku yake ya saba ilikuwa imefika. Kisha akatoa karatasi kifuani, akaikunjua kwa ncha za vidole. Iliandikwa majina ya baba wa mbwa, babu zake, na babu wa babu zake, yote kwa mashine.

"Huyu ni mbwa wa ukoo," alisema.

"Haya. Na wewe, babu wa babu yako aliitwa nani?"

Baba akaikunja karatasi, akairudisha kifuani.

Ila kulikuwa na sharti. Bwana mifugo angekuja mwezi ukiandama, siku ya kuchanja ng'ombe. Akimkuta mbwa amekonda au anazurura, anamrudisha bandani, na safari hiyo hakuna kungoja siku saba. Nilikuwa na miaka kumi hivi, na nilishampenda kwa yale masikio yake mapana. Niliogopa kwelikweli.

Kwetu mbwa hula ukoko, tena nje, watu wote wakishashiba. Baba akasema ukoko ni wa mbwa hawa wetu. Akamfunga huyu langoni, peke yake kama jumbe, akamwekea maziwa kwenye bakuli la bati. Mbwa akanusa, akageuza uso. Siku ya pili baba akabana tonge la ugali wa uwele kwapani, kama wanavyofanya wazee ili mbwa mgeni asitoroke, akampa. Mbwa alilitazama tonge, akamtazama baba, akalala. Mimi simlaumu, kwapa la baba nalijua.

Mbavu zikaanza kuonekana. Nikamlilia mama. "Mimi na mbwa wa baba yako wapi na wapi?" alifoka, maana alishaapa hatamgusa. Lakini mchana ule, baba alipokwenda malishoni, aliifungua kamba. Mbwa akamfuata jikoni, akajilaza juu ya mguu wake tulipokuwa tukila kando ya mafiga. Mama akabandua ukoko, akatafuna, akamtupia kipande. Kikaliwa. Cha pili, kikaliwa. Kumbe masikini alizoea kula wenzake wakila, chini ya meza ya yule Mzungu! Bakuli la peke yake aliliona adhabu.

"Ukimwambia baba yako, utanitambua," mama aliniambia.

Basi ikawa hivyo kila mchana. Baba alipompapasa mbavu akakuta nyama, aliwatangazia majirani, "Kwapa limefanya kazi." Mama aliinamia chungu, mabega yakimtikisika.

Siku ya chanjo kijiji kizima kilikuwa mazizini. Bwana mifugo alimkagua mbwa, akaridhika, akaomba ile karatasi aandike jina la mwenye mbwa. Baba akasogea, kifua mbele.

"Mwite tuone," akaambiwa.

Baba akaita. Akapiga mluzi. Akapiga goti. Mbwa akampita, akaenda kukalia mguu wa mama mbele ya wanaume wote. Watu walicheka mpaka ng'ombe wakashtuka. Nilidhani baba atawaka. Alimtazama mama, akamgeukia bwana mifugo, akasema, "Andika huyo mama. Mimi nina kwapa tu."

Mbwa yule alikufa kwa uzee, na baba akafuata miaka mingi baadaye. Mama naye alipofariki, tulifungua sanduku lake la bati. Hakuwa na cheti cha kuzaliwa, wala cha ndoa, wala cha shule, kwani shule hakuiona. Ndani ya kanga palikunjwa karatasi moja. Juu yake kulikuwa na babu wote wa mbwa, na chini yao, kwa wino wa bwana mifugo, jina la mama yangu. Hatukupata mahali pengine popote lilipoandikwa. Nililia, mtu mzima mimi, juu ya karatasi ya mbwa.