Kibao cha Chooni na Figo za Paulina

Siku ile ya kwanza kiwandani Mikocheni tulikuwa wanne mlangoni mwa chumba cha kushonea: mimi Tausi, Paulina aliyetoka Songea, Mwajuma wa Temeke aliyekuwa mkongwe wa mashine, na msimamizi wa mstari, Bwana Kapinga, ambaye hakutupa hata karibu. Alitoa kibao cha mbao chenye kamba, akakitundika kwenye msumari juu ya meza yake.

"Hiki ndicho choo," alisema. "Ukikikuta, chukua, nenda, rudi nacho. Usipokikuta, kaa kwenye mashine yako."

"Mstari mzima, kibao kimoja?" Paulina aliuliza.

"Kwani mmekuja kushona au kukojoa?"

Mwajuma alicheka, nasi tukacheka, maana kazi tuliitaka. Mimi niliitaka kuliko wote. Wazazi walikuwa wametangulia mbele ya haki, niliishia darasa la sita, na nyuma yangu walikuwapo wadogo watatu walionitazama mimi kwa chakula na kwa daftari.

Ninyi mnaoanza kazi leo, kazi yetu ilikuwa hivi. Vitambaa vya sare za shule vilikatwa chumba cha jirani, vikafungwa mafungu; fungu moja tuliliita bando. Kila mshonaji alikuwa na lengo, yaani idadi ya mabando anayotakiwa kumaliza kabla ya kutoka. Nilianza kwa kukata nyuzi, nikapandishwa kwenye ovaloki, mashine inayofunga ukingo wa kitambaa usifumuke. Paulina alikaa jirani yangu, ubavuni mwa pasi za mvuke, mahali ambapo kilemba kililowa kabla ya chai ya saa nne.

Tulikuwa na desturi ya kukopeshana mabando. Mwenzako akipatwa na jambo, unamshonea yake juu ya yako, naye atakulipa siku utakayopatwa wewe. Mdogo wangu wa mwisho, Saidi, alipolazwa, Paulina alinishonea wiki nzima, anatafuna mkate huku mguu uko kwenye pedeli.

Lakini desturi nyingine ilikuwa mbaya, na ililetwa na kile kibao. Mwajuma ndiye aliyetufunda: "Shoga, kunywa chai kikombe kimoja kwako, basi. Maji utayakuta magharibi." Tukauona ni ujanja wa kazi. Aliyeweza kukaa kutwa bila kuinuka alisifiwa, "huyu ngamia huyu," naye akafurahi. Mgongo ukiuma, kopo la dawa za maumivu lilikuwa mezani kwa Bwana Kapinga, wazi, unajichotea kama peremende. Choo kwa kibao, dawa bila kibao! Nikilikumbuka kopo lile damu hunichemka mpaka leo.

Nilihamishiwa tawi la Kipawa kusimamia wakata nyuzi, kisha nikarudishwa Mikocheni kuwa msimamizi msaidizi. Nikamkuta Paulina amejaa uso. Wenzake walikuwa wakimshangilia.

"Paulina umenawiri! Mume anakulisha nini?"

"Mapenzi, mwaya. Yenu ya mkopo hayanenepeshi."

Kumbe hakuwa amenawiri. Yalikuwa maji yaliyokosa pa kutokea. Viatu vilimbana tangu asubuhi, usiku pumzi zilimpanda, na mkojo ulikuwa na povu akadhani ni sabuni ya kusafishia choo. Figo si jino. Huharibika kimya, na ikija kujulikana, sehemu kubwa imeshakwenda. Siku alipoangukia mashine tukamkimbiza hospitali. Daktari alipima, akapima tena.

"Presha haijatibiwa," alisema. "Dawa za maumivu kila siku, maji hanywi. Kipi kilianza siwezi kuapa, lakini vyote vimezichimba figo zake. Sasa lazima asafishwe damu kwa mashine, mara tatu kwa wiki. Akikosa, hatutakuwa naye."

Nikaenda kwa ofisa utumishi, maana matibabu yale yalitegemea bima ya kazini.

"Mkataba wake umefika mwisho," aliniambia.

"Umefika, au mmeufikisha?"

"Tausi, wewe ni uongozi sasa. Angalia maneno yako."

Mkataba ulipokatwa, bima ikakatika nao. Kiwanda kilimpelekea salamu za pole na katoni ya juisi. Juisi! Mgonjwa ambaye daktari amempimia hata maji ya kumezea dawa! Miaka yote walimnyima maji alipoyahitaji, wakamletea vinywaji siku mwili wake hauwezi tena kuvitoa.

Kesho yake nilikitoa kibao msumarini nikakiweka mkobani. Nikawaambia wanawake waje na chupa za maji, na mwenye haja ainuke. Meneja wa uzalishaji akashuka mwenyewe.

"Kibao kiko wapi?"

"Ninacho mimi."

"Na lengo?"

"Lengo lina figo, Meneja?"

Mabando yalishuka chini ya lengo, nikarudishwa kwenye ovaloki, na cheo changu kikaishia hapo. Ila kibao hakikutundikwa tena.

Sasa nimestaafu. Wadogo zangu wana nyumba zao, na mimi asubuhi za zamu yake ya kusafishwa damu namsindikiza Paulina hospitali. Jumuiya ya kanisani kwake inachanga, kikundi cha Mwajuma kinachanga. Ndivyo anavyoishi, kwa huruma ya watu wasiomkosea lolote, huku waliomkosea wanalala usingizi. Kwa hiyo nawaambia bila kupamba: pimeni presha na sukari mkiwa wazima. Mkipima, ombeni na mkojo upimwe. Dawa ya maumivu si chai, msiimeze kila siku pasipo kumuuliza mganga wa zahanati. Uso ukijaa asubuhi, msishangilie. Na bosi akiwahesabia haja ndogo, mkatalieni wote kwa pamoja, mapema kuliko sisi.

Juzi, damu yake ikizunguka kwenye mirija, nilimwambia, "Paulina, mabando ya ile wiki ya Saidi sijakulipa mpaka leo."

"Najua," alisema, macho kayafumba. "Na usijidai unanilipa kwa kunishika mkono. Bando hulipwa kwa bando."

Nikaendelea kumshika mkono. Lengo la mimi kumshonea hana tena, wamemnyang'anya. Deni langu liko palepale.