Nilivyoionea Wivu Biblia ya Mke Wangu

Mke wangu alianza kuamka kabla yangu baada ya katekista kuja kwenye jumuiya yetu pale Mazwi, Sumbawanga, na kutufundisha kusoma Maandiko nyumbani. Someni kidogo, alituambia, mnyamaze, halafu kila mtu ajiulize leo afanye nini. Siku hiyo na mimi nilikuwepo, nimekaa karibu na mlango, na mafundisho yenyewe nilishayasahau kabla hatujafika nyumbani. Mke wangu hakuyasahau.

Ilikuwa msimu wa baridi, ule upepo wa Ufipa unaopita hata kwenye tundu la ufunguo. Mimi nabaki kitandani, yeye anawasha jiko la mkaa jikoni, anajifunga kitenge cha pili mabegani na kufungua Biblia. Kupitia ukutani nasikia karatasi zikigeuzwa. Mwanzoni nilifurahi. Mwanaume gani hataki mke anayesali?

Halafu asubuhi moja nikamsikia anacheka. Hakuwa na mtu wa kuongea naye, simu ilikuwa huku chumbani ikichajiwa. Kilikuwa kicheko chake cha zamani, kile cha tulipokuwa wachumba, kinachoanza kidogo halafu kinamshinda. Mimi ni fundi seremala, kutwa niko na watu karakana, na jioni huja nyumbani na vituko vya wateja. Siku hizo vituko vyangu alikuwa akivijibu kwa kutikisa kichwa tu huku anachambua maharage.

Nikaenda jikoni. "Unacheka nini?"

"Yona," akasema, anafuta macho. "Kanuna, baba watoto. Mmea uliompa kivuli umekauka, basi anataka kufa. Mtu mzima!"

Nikasema sawa, nikaomba maji ya moto ya kunawa. Lakini kutwa nzima nikipiga randa namuwaza huyo Yona. Mtu aliyekufa zamani hizo amemchekesha mke wangu, na mimi niliye hai sijaweza.

Tangu hapo nikawa kama mtu anayemchunguza mwenzake. Nikimuuliza jambo lolote, kama tupande ulezi au mahindi kwenye shamba letu la Milanzi, ananijibu, "Ngoja kesho asubuhi nitakuambia." Zamani angenijibu palepale, tungebishana, tungemaliza. Sasa naona kuna mwingine anayeulizwa kwanza. Najua ni Mungu. Kujua hivyo hakukunisaidia. Mwanaume mwenzangu ningeweza kumfuata nikamkunja shati. Mungu utamfuata wapi?

Ndipo rafiki yangu wa Kasanga, kule bandarini ziwani, akanipigia simu. Kulikuwa na kazi ya kutengeneza maboti ya mizigo yanayovuka kwenda Zambia na Kongo, kazi isiyokwisha, na nyumba ya kupanga ipo. Jioni nikamwambia mke wangu, "Tunahamia Kasanga shule zikifungwa."

Aliweka sufuria chini. "Nipe wiki nisome, nisali."

Nilichomwa na lile neno, nisome. Kwa hiyo kesho yake, yeye alipokwenda sokoni, niliichukua Biblia mwenyewe. Sikutafuta uongozi wa Mungu, nilitafuta silaha. Nikapekua mpaka nikapata ninachotaka, na aliporudi nikamngojea mlangoni.

"Bwana Yesu wanafunzi wake aliwapata wapi?" nikamuuliza. "Si kando ya ziwa?"

Alinitazama, kikapu bado kichwani. "Aliwapata hapo, ndiyo. Akawaambia waache nyavu waondoke."

Nikampokea kikapu. Kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuwa ananikomesha. Alijibu kama mtu anayekumbushia habari za jirani anayemfahamu vizuri, na mimi nilikuwa mgeni nimekosea nyumba.

Jumapili baada ya misa tulirudi kwa miguu. Watoto walikuwa mbele. Nikamuuliza, "Haya, wiki imeisha. Amekuambia nini huyo wako?"

Akasimama. "Huyo wangu?"

"Mungu. Amesema twende au tusiende?"

"Hajaniambia Kasanga wala Sumbawanga. Kwani wewe ulidhani napigiwa simu?" Kisha akaongea polepole. "Nimesoma safari za Abrahamu na Sara. Wanahama, wanahama tena. Nikawa natafuta pale Sara alipoulizwa kama anataka kuhama. Sijapaona. Nikaona na mimi hujaniuliza. Ulikuja umeshaamua."

Upepo ulikuwa unatupiga vumbi usoni, na watu wa misa wanatupita wakitusalimia. Wiki nzima nilikuwa nimemwonea wivu kwa siri alizokuwa akinong'onezwa, kumbe alikuwa anatafuta swali ambalo mimi ningeweza kumuuliza kwa dakika moja.

"Nakuuliza sasa," nikasema. "Unataka?"

"Sitaki. Joto la kule linanimaliza, na mama yangu yuko hapa. Lakini kazi ni yako, nenda ukaifanye. Utakuwa unarudi."

Nilikwenda, nikafanya kazi ya boti mbili, nikarudi na samaki aina ya migebuka waliokaushwa na mgongo uliobabuka kwa jua. Kazi ya tatu niliikataa. Nilimwambia rafiki yangu kwamba mbao za kule zina chumvi ya jasho, akacheka. Ukweli ni kwamba kila alfajiri kule ziwani niliamka nikijiuliza mke wangu amefika wapi kwenye kusoma, na nani yuko naye ukurasa huo.

Siku hizi tunasoma pamoja. Yeye anasoma kwa sauti kwa Kiswahili, tukikwama tunaelezana kwa Kifipa, halafu tunanyamaza. Mara nyingi sisikii kitu. Ila nimeanza kutoka jikoni nikijua cha kufanya: kumrudia mteja niliyemjibu vibaya, kwenda kumwona mgonjwa. Jikoni nimetengeneza benchi ya msonobari. Nilipima watu wawili, na kwa makusudi sikuongeza hata inchi.

Mwezi uliopita jumuiya ilisali kwetu. Viti havikutosha, benchi ikaletwa sebuleni. Jirani yetu mmoja, mama mjane mwenye sauti nzuri, akakaa kwenye nafasi yangu kando ya mke wangu, wakafungua Biblia moja, vichwa vimegusana, wakaanza kuonyeshana kitu kwa kidole na kutabasamu. Nilikuwa nimesimama na trei ya vikombe. Chai ikapoa mikononi mwangu, na mke wangu hakuinua macho.