Nilimwambia Mtaalamu Maji Yanatoka Kila Siku

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni kabisa ili ukifika katikati usije ukaanza kunihurumia.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na kitu, nakaa kijiji kimoja huku Ikungi, ukishuka Ihanja unaingia ndani kwa bodaboda. Jina la kijiji sitataja. Nilikuwa katibu wa kamati ya maji, na mwenyekiti wa kijiji ni kaka yangu wa tumbo moja. Baba alipofariki, kaka ndiye aliyenilipia ada mpaka nikamaliza kidato cha nne. Hilo ndilo lililonifunga mdomo.

Mradi wetu ulikuwa mzuri. Pampu ilivuta maji kwenye kisima kirefu kando ya mto, ikayasukuma hadi kwenye tenki kule kilimani. Bomba moja lilishuka kijijini, lingine lilikwenda kwenye mashamba ya vitunguu ya akina mama. Halafu pampu ikaungua na mabomba yakapasuka.

Zikaletwa fedha za ukarabati. Kaka akatangaza kwamba yamenunuliwa mabomba mapya na pampu imepelekwa kwa fundi. Nilikwenda kuyaona hayo mabomba. Yalikuwa yale yale ya zamani, yamepakwa rangi ya bluu! Nikarudi nyumbani nikasonga ugali, nikanyamaza.

Viangazi viwili tulichimba mchanga wa korongo kutafuta maji. Vitunguu vikafa. Aliyekuwa na punda alimtuma punda, asiye na punda alibeba kichwani.

Siku moja tukasikia wataalamu wanazunguka bonde lote kukagua miradi ya maji iliyoharibika, ili kujua ipi ipewe fedha za matengenezo. Watu walifurahi. Kaka hakufurahi. Alikuja kwangu asubuhi, nilikuwa napepeta alizeti uani.

"Wakikuta pakavu watauliza zile fedha za kwanza zilikwenda wapi," alisema. "Nitafungwa, dada. Wewe unataka nifungwe?"

Akaapa kwamba wakishaondoka atatengeneza kila kitu mwenyewe. Nilijua anadanganya. Nikakubali.

Akaleta boza la maji kutoka mjini, wakajaza tenki. Mabomba yaliyopasuka wakayafunga kwa mipira ya baiskeli. Na sasa sikiliza ujinga wangu: mimi ndiye niliyesimama bombani siku mbili nawafukuza wanawake wenzangu wasichote, ili wageni wayakute. Watu wana kiu, mimi nalinda maji ya maonyesho! Nikiikumbuka siku ile natamani kujichapa.

Wataalamu wakaja. Wakafungua koki, maji yakatoka, kaka akapiga makofi. Lakini mmoja wao, binti mwenye daftari, aliniita pembeni akanisalimia kwa adabu zote, shikamoo mama. Kisha akauliza kwa sauti ya chini:

"Mama, haya maji yanatoka kila siku?"

Alijua. Nakuambia alijua, alikuwa ananipa mlango. Nyuma yangu alikuwa amesimama jirani yangu, nimwite Mariamu, na dumu tupu mkononi. Mimi na Mariamu tulikuwa tunalima vitunguu shamba moja.

"Kila siku, mwanangu," nikamjibu.

Akaniuliza mbona mashamba makavu. Nikamwambia tumevuna juzi tu. Akanitazama kidogo, akaandika.

Barua ilipokuja, kijiji chetu kilikuwa kwenye orodha ya miradi inayofanya kazi. Fedha zikaenda kwa wenzetu ng'ambo ya mto. Leo wanamwagilia nyanya. Kaka alichinja mbuzi, na mimi nikala ile nyama.

Mwezi haukuisha. Mariamu alikuwa ndani ya shimo korongoni, anachota kwa bakuli, ukingo wa mchanga ukamwangukia. Walimfukua akiwa hai, lakini nyonga ilivunjika. Alilazwa mjini Singida wiki nyingi.

Nilimpelekea uji. Hakuugusa. Nikaanza kumwambia pole, akanikatisha.

"Siku ile nilikuwa nyuma yako," alisema. "Nilikuwa nasubiri useme ukweli, na mimi niunge. Wewe ndiye katibu. Mimi ni nani wa kuanza?"

Akageukia ukutani. Mpaka leo anatembelea fimbo, na salamu yangu haitikii.

Nilipotoka pale sikurudi nyumbani. Nilikwenda moja kwa moja wilayani, nikaandika yote kwa mkono wangu, mabomba ya rangi, boza, na uongo wangu. Nikaweka sahihi. Wakanisikiliza, wakaniambia kaka atachunguzwa, na kijiji kisubiri bajeti nyingine. Kusubiri! Ukoo ukaitisha kikao, wakaniita msaliti. Mama yangu mzazi aliniambia nimemuuza mwanawe. Uchunguzi bado haujaisha, na kaka bado anakalia kiti kile kile. Juzi amepita mbele ya nyumba yangu akicheka na wapambe wake, anataka kugombea tena.

Nina hasira naye, sikatai. Lakini yeye aliiba fedha za mabomba tu. Fedha za kututengenezea mradi zilikuwa njiani, na aliyezirudisha ni mimi, kwa maneno mawili.

Wewe mwenye ndugu kwenye uongozi, usiseme eti hayakuhusu. Ndugu atakulilia na kukukumbusha ada aliyokulipia. Mwache alie. Akija mtu na daftari kuuliza kama maji yapo, usimjibu kwa mdomo, maana mdomo una undugu. Mpe dumu, mshike mkono, mpeleke korongoni akachote mwenyewe.